Bunduki Rahisi ya Marehemu Amyn

Mnunuzi wa kwanza alicheka. Wa pili hakucheka, ila alifanya jambo baya zaidi: aliisukuma ile bunduki kwa ncha ya kiatu, akasema kwa Kiingereza kwamba takataka kama hiyo hata bure haichukui. Mama Shelina alimfungulia mlango, akamshukuru kwa kuja, akaufunga. Halafu akaja kunigongea mimi.

Tunakaa ghorofa moja, milango yetu inatazamana, katika lile jengo refu la North York ambalo lifti yake huharibika kila mtu anaporudi na mizigo. Mimi ni nesi, Mmeru, na hasira zangu ziko karibu. Mama mtu mzima akinigongea huku midomo inamtetemeka, ninachotaka kujua kwanza ni nani kamgusa.

"Umeibiwa?" nikamuuliza.

"Sijaibiwa, Nkirote. Wamesema Amyn alikuwa mwongo."

"Nani kasema hivyo?"

"Hawakutamka kwa mdomo. Lakini maana yake ni hiyo hiyo."

Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, nikamwambia aanze mwanzo. Mwanzo wake ulikuwa Tanga.

Nurjehan, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Shelina kwa jina la binti yake, alizaliwa Tanga, na marehemu mumewe Amyn alizaliwa mtaa wa pili. Baba yake Amyn alikuwa na duka la baiskeli na vipuri vya cherehani. Katika mtaa wao kulikuwa na bwana mmoja mwenye bunduki ya upepo, ambaye kazi yake ilikuwa kuua kunguru waliowasumbua watu juu ya mapaa. Amyn, kijana mdogo wa kaptula, alikuwa akimfuata yule bwana paa kwa paa akimwokotea kunguru waliokufa, kwa tumaini moja tu, kwamba iko siku ataambiwa, haya, shika na wewe. Hakuambiwa. Familia ikahamia Kanada, Amyn akakua, akaoa, akafungua duka la dobi, akapiga pasi suti za watu mpaka nywele zikawa nyeupe, na bado alikuwa akimhadithia mkewe habari za ile bunduki kana kwamba aliiona jana.

Alipostaafu, akaagiza ya kwake. Haikuwa bunduki ya kweli. Ni zile za mchezo, ambazo vijana hukusanyika nje ya mji wikendi na kurushiana vigololi vya plastiki wakijifanya wako vitani. Yeye alichagua ya mdunguaji, ndefu, yenye darubini juu na kishikio cha pembeni unachokivuta kila unapotaka kupiga. Akachagua iliyo rahisi kuliko zote, maana hakutaka mkewe apige kelele. Mkewe alipiga kelele vilevile.

"Nilimwambia, rahisi ghali," Mama Shelina akasema. "Nilimwambia, mtu mzima na miwani yako, utamdungua nani? Kule jamatkhana tunakosali, wazee wenzake wakaanza kumwita Mdunguaji. Akiingia tu, wanainua mikono juu kama wamekamatwa."

Amyn hakujali. Rafiki yake Bahadur alikuwa na kishamba kaskazini, kupita Barrie, na huko ndiko alikokwenda kupiga. Jioni moja ya kiangazi alirudi nyumbani na viatu vyake vya matope mpaka jikoni. Mkewe alikuwa anasukuma chapati. Akamwambia kwamba wametundika kifuniko cha kopo la samli kwenye nguzo ya mwisho ya uzio, mbali, na yeye amekipiga akiwa amekaa barazani kwa Bahadur.

"Nuru," akasema, "ilisema tang'!"

"Ilisema yenyewe," mkewe akamjibu bila kugeuka, "au ulisema wewe?"

Basi, kuanzia siku hiyo, tang' ikawa mzaha wa ukoo. Wajukuu wakimpigia simu humuuliza kwa Kiingereza kama bunduki imesema tang' leo. Akichelewa mezani, mkewe humwambia, labda umekwenda kutafuta tang'. Yeye alikuwa akicheka nao. Lakini kila alipokuwa akienda kwa Bahadur alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Twende basi ukaone mwenyewe." Na kila mara Mama Shelina alijibu, safari ijayo. Magoti yanamuuma. Kule kuna mbu. Vyombo havijaoshwa.

Majani yalipoanza kudondoka, Amyn alikaa kwenye kiti chake baada ya chakula cha mchana, akalala, na hakuamka.

"Mume wangu alinidanganya kwa mambo madogo, kama waume wote," akaniambia. "Alisema anapenda biriani ya dada yangu. Alisema ameacha peremende. Lakini hili la tang' alilisema macho yanamwaka, Nkirote. Sasa wamekuja watu wawili wanaojua vitu hivi, wamesema bunduki hii haiwezi kupiga hata ukuta. Mimi sitaki hela zao. Nataka kujua jambo moja. Je, nilimcheka mtu aliyekuwa anasema kweli?"

Shelina alikuwa amemwandalia mama yake chumba kwake Mississauga, na mwisho wa mwezi ungekuwa siku ya kuhama. Alete chochote, kasema Shelina, ila si ile bunduki, kwa sababu kuna watoto. Kwa hiyo ilikuwa lazima iondoke, na ikiondoka, jibu lingeondoka nayo.

Mimi nikampigia simu Bahadur mwenyewe. Kama kuna shahidi, ni yeye.

"Nilikuwa nageuza mishkaki," Bahadur akasema. "Nilimsikia Amyn akipiga ukelele wa furaha. Lakini binti, Amyn alikuwa anapiga ukelele wa furaha hata akipata mahali pa kuegesha gari."

Shahidi wa namna hiyo usimpeleke mahakamani. Nikakata simu, nikampigia binamu yangu.

Binamu yangu anaitwa Crispus Murithi. Siku za kazi anashughulika na kompyuta za ofisi moja katikati ya mji, na Jumapili anaimba besi kanisani kwetu. Jumamosi ndiyo utamkuta kichakani kaskazini ya Vaughan, amevaa nguo za madoadoa, amelala kifudifudi kwenye theluji anangojea kumpiga mhasibu fulani kwa kigololi. Mama yake anajua tu kwamba anafanya mazoezi ya mwili. Crispus ni mtu mwema ila hajui kupaka ukweli asali, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Akaja Jumamosi ya Januari, baridi ile ya kukata masikio. Mama Shelina alikuwa ameiweka bunduki nje kwenye kabati la roshani, kwa vile, kama alivyosema, kila alipoiona ndani alikuwa akikiangalia kile kiti. Akaitoa, imefungwa kwenye shuka. Akaiweka mezani polepole, kama mtu anayemleta mgonjwa kwa daktari.

Crispus akachomoa kwanza magazini, akahakikisha hakuna kigololi ndani. Akaitikisa bunduki karibu na sikio. Akagonga kitako kwa kifundo cha kidole, kikatoa sauti ya ndoo tupu.

"Kitako ni plastiki na ndani hakuna kitu," akasema. "Hiyo si shida, Auntie. Za bei hii zote ziko hivyo. Bunduki rahisi si dhambi. Dhambi ni ile ya bei rahisi inayojifanya ghali."

"Hii haijifanyi," Mama Shelina akasema haraka.

"Haijifanyi, ni kweli." Akaushika mtutu akajaribu kuutikisa kushoto na kulia. "Mtutu hauchezi. Hiyo ni poa sana. Darubini..." Akachungulia, akaguna. "Darubini ni ya kuchungulia majirani. Kifyatuo kiko laini kidogo, lakini kinashika. Sasa tuone moyo wake."

Akakishika kile kishikio cha pembeni, akavuta. Hakikuja. Akavuta tena kwa nguvu, mshipa wa shingo ukamtoka, kikaja kwa kusuasua na kelele ya kitu kinachoburuzwa. Uso wake ulibadilika, na Mama Shelina aliuona ukibadilika. Crispus akaziba mdomo wa mtutu kwa kiganja, akafyatua. Akatueleza kwamba kama hewa haivuji, unasikia pistoni ndani ikitua taratibu, kama mlango mzuri unaojifunga wenyewe. Sisi tulisikia kitu kama mzee anayejisogeza kitandani.

Tukajaza mablanketi kwenye boksi, tukaliweka mwisho wa ukumbi, Crispus akatupa miwani ya plastiki ya kukinga macho, akapakia kigololi kimoja, akapiga. Kigololi kilitoka, kikainama, kikaangukia zulia kabla hata ya kulifikia boksi. Kikabingirika mpaka chini ya kabati la vyombo. Akapiga cha pili. Hicho hata kabati hakikufika.

"Auntie, sorry," akasema. "Mzee aliuziwa mkebe."

Nilimkanyaga mguu, lakini neno likishatoka limetoka. Mama Shelina alivua ile miwani ya plastiki, akaikunja kwa uangalifu ingawa haikuwa ya kukunjwa.

"Asante kwa kusema kweli, beta, mwanangu," akamwambia. "Kaeni mnywe chai. Nimepika mkate wa kumimina."

Hapo ndipo nilipomhurumia mpaka nikataka kulia. Kama angekasirika ningejua la kufanya. Lakini alikwenda jikoni akatuletea vikombe vizuri, vile vya wageni, akatukatia mkate, akamuuliza Crispus habari za mama yake aliyeko Meru. Alikuwa anajibu na kuuliza kama kawaida, ila sauti yake ilikuwa imeshuka, kama redio ya nyumba ya jirani. Crispus, akiona aibu imemjaa, aliitoa bunduki mezani kupisha sinia, akaiegemeza dirishani juu ya hita. Hakuna aliyeitazama tena.

"Labda Bahadur ndiye aliyekipiga kifuniko kwa jiwe," Mama Shelina akasema. "Amfurahishe mwenzake. Bahadur ana roho hiyo."

"Labda," nikasema.

"Au labda Amyn alitaka tu kiwe kimesema tang'. Mtu akitaka kitu toka utotoni, anaweza akakisikia hata kama..."

Aliinua uso, pua juu, na mkono wenye kikombe ukabaki hewani.

"Nani amepita hapa?" akauliza.

Hakuna aliyepita. Lakini hata mimi nikaisikia harufu hiyo. Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya nazi.

"Ni yeye," Mama Shelina akasema. "Ni kichwa chake."

Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimewaona wajane wakisikia sauti za waume zao, kwa hiyo nilisogea karibu nimshike. Akanisukuma. Akainuka, magoti na yote, akaenda moja kwa moja dirishani. Chini ya kishikio cha bunduki, kwenye ule mfereji kinamopita, tone la mafuta lilikuwa limejikusanya, la njano hafifu, linang'aa. Likadondoka juu ya hita, likachemka, na harufu ikajaa sebule nzima.

"Mafuta ya nazi?" Crispus akaruka. "Nani anatia mafuta ya nazi kwenye bunduki?"

"Amyn!" Mama Shelina akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda tena. "Amyn alikuwa anatia mafuta ya nazi kila kitu! Kichwani, magotini, bawaba za milango, cherehani yangu. Kwao dukani walikuwa wanalainishia hivyo. Baba yake alimfundisha, kitu chochote kikigoma, kipe mafuta ya nazi na maneno mazuri."

"Auntie, hapa si Tanga. Yanaganda!"

"Mimi ndiye wa kuambiwa yanaganda?" Akamgeukia, mikono kiunoni. "Kila asubuhi ya baridi, tangu tuje nchi hii, ni nani aliyekuwa anaitia chupa yake kwenye maji moto? Inakuwa nyeupe pe, kama mshumaa. Nami nimeichukua bunduki yake nikaiweka nje Januari, nikawaita watu waje waseme haifai!"

Crispus hakusubiri kuambiwa. Akaichukua bunduki, akakivuta kishikio. Kilikuja kwa mkono mmoja, bila kelele. Akaziba mtutu, akafyatua, na safari hii hata mimi nisiyejua kitu niliisikia pistoni ikitua taratibu, kama ule mlango aliousema. Akapakia kigololi, akalenga boksi, akapiga. Blanketi lilisema pu.

"Ala!" akasema. Akakaa chini nayo, akaanza kuichungulia upya kwa macho mengine. Juu ya mtutu kuna kisehemu cha kurekebisha, akatueleza, kinachokipa kigololi mzunguko ili kiende mbali bila kuanguka. Kwenye za bei rahisi hakina alama yoyote. Unahangaika nacho wiki nzima, ukikigusa tena umepoteza ulichopata. Akatuonyesha kwa kidole. Pale palikuwa na nukta ndogo nyekundu, iliyopakwa kwa mkono uliotulia.

"Alikihangaikia mpaka akapapata, akaweka alama," Crispus akasema. "Lakini rangi ya nini hii?"

Mama Shelina aliinama akaangalia kwa muda mrefu.

"Ya kucha," akasema. "Ilipotea kiangazi chote. Nilimsingizia mjukuu."

Crispus alitaka kuyafuta mafuta yote pale pale na kutia yale yanayostahili, halafu tujaribu vizuri. Alikuwa ameshatoa kitambaa mfukoni. Mama Shelina akamshika mkono.

"Usifute. Usiguse na alama yake. Ukitia mafuta yako ikapiga, itakuwa umepiga wewe. Nataka ipige kama alivyoiacha."

"Lakini nje kuna baridi, Auntie. Tukifika tu kiwanjani kwetu kule kichakani itaganda tena."

"Haitaganda," akasema. "Nitaishika mimi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba alasiri hiyo hiyo, mwanamke aliyekataa kwenda shambani wakati wa jua kwa sababu ya mbu, alipanda gari la Crispus kwenda kichakani wakati wa theluji. Bunduki ilikuwa ndani ya mfuko mrefu wa suti, wenye jina la duka lao la dobi. Aliulaza mapajani, akauweka juu yake mfuko wa mpira wenye maji ya moto, akafunika vyote kwa koti lake la manyoya na shali mbili. Crispus akafungua hita ya gari mpaka mwisho. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma natoka jasho na kulalamika, na hakuna aliyenisikiliza. Njiani alimpigia simu Bahadur amuulize umbali.

"Kutoka baraza hadi nguzo ya mwisho?" Bahadur akafikiri. "Mabasi manne ya shule yakipangwa. Kwani kuna nini, Nuru?"

"Nakwenda kuona," akamjibu, akakata.

Pale kiwanjani, Crispus akaomba sehemu ya kujaribia bunduki, iliyo pembeni yenye tuta la udongo nyuma, akapewa. Vijana wachache waliokuwa wakivua mavazi yao ya kivita walimtazama yule bibi mwenye shali na miwani mikubwa ya plastiki akitembea kwa kunishika mkono, tumbo limemjaa bunduki. Mmoja akataka kucheka. Nilimtazama kwa jicho la wodini, akafunga zipu yake akaondoka.

Tukatundika kifuniko cha kopo la samli kwenye mti uliochimbiwa pale. Si kile cha Bahadur, hicho kilishatupwa. Kilikuwa kipya, samli yake Mama Shelina alikuwa ameimiminia kwenye bakuli jikoni kabla hatujatoka. Crispus akapima mabasi manne kwa macho, akarudi nyuma, akaongeza kidogo kwa heshima ya marehemu. Akalala juu ya turubai. Mama Shelina akafungua koti, akampa bunduki iliyo na joto la mwili wake, pamoja na vigololi vya Amyn mwenyewe vilivyokuwa kwenye chupa ya achari.

Cha kwanza hatukukiona kilikokwenda, maana vilikuwa vyeupe na dunia yote ilikuwa nyeupe. Cha pili Crispus alisema kimepita kulia. Cha tatu, kushoto. Kilipofika cha nne, kishikio kikaanza kugoma.

"Nipe," Mama Shelina akasema. Akairudisha ndani ya koti, akaikumbatia kwa mikono miwili, akasimama hivyo, mvuke unamtoka puani. Nilimwambia akae garini. Akakataa. Tukangoja, miguu yangu ikafa ganzi, Crispus akawa anapuliza vidole vyake. Mama Shelina alikuwa amefumba macho na midomo ilikuwa inacheza. Kama ni dua au ni ugomvi na mumewe, sijui.

"Haya," akasema mwishowe.

Crispus akaipokea, akavuta, ikakubali. Akaegemeza shavu lake kwenye kile kitako kitupu cha plastiki. Akafyatua.

Tang'.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu akiweka kijiko kwenye kisosi hutoa kubwa kuliko hiyo. Lakini ilikuwa safi, ikaja mpaka tuliposimama, na kule mbali kifuniko kilikuwa kinabembea.

Crispus alipiga ukelele, akasimama, akarusha kofia. Mimi nikajikuta nampigia makofi mtu niliyemkanyaga mguu asubuhi. Tukageuka wote wawili kwa furaha kumtazama Mama Shelina.

Hakuwa anacheka. Alikuwa anakitazama kile kifuniko kikibembea, na alikitazama mpaka kikatulia.

"Ilisema yenyewe," akasema.

"Ilisema, Auntie," Crispus akamwambia. "Hata mimi nisingeamini. Mzee alikuwa mpigaji. Kwa bunduki hii, na darubini ile? Alikuwa mpigaji kabisa."

"Alikuwa anasema kweli."

"Kweli tupu."

Akatikisa kichwa taratibu, akitukubalia. Halafu akanigeukia mimi, na machozi yalikuwa yameanza kushuka chini ya ile miwani ya plastiki, hayana pa kutokea.

"Sasa nimwambie nani, Nkirote?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewajibu madaktari, nimewajibu wenye nyumba, na sijawahi kukosa la kusema mbele ya askofu. Safari hii nilimvua miwani nikamfuta uso kwa shali yake, basi.

Alipotulia, alimwambia Crispus aichukue bunduki, iwe yake. Hakutaka chochote. Aliomba mambo mawili: ile nukta nyekundu aiache ilivyo, na mafuta ayafute sasa hivi, mbele yake, maana chombo kizuri hakiachwi kigande. Crispus akakaa kwenye boneti ya gari, akaichomoa pistoni, akatoa leso yake nyeupe akafuta kila mahali, ndani na nje, mpaka leso ikalowa. Alipomaliza akaikunja na kutazama huku na huku akitafuta pipa la taka. Mama Shelina akanyoosha mkono. Crispus akaitazama leso, akamtazama yeye, akampa.

Kurudi, giza lilikuwa linaingia na barabara ya Bathurst imejaa magari. Leso ilikuwa mapajani mwa Mama Shelina, kiganja chake juu yake. Hita ilipoanza kuleta joto, ile harufu ya nazi ikaamka, ikajaa gari zima, nzito, tamu, mpaka vioo vikapata ukungu. Kwa kawaida Crispus hawezi kuvumilia harufu ndani ya gari lake. Mimi nimewahi kuteremshwa humo kwa sababu ya samaki. Lakini mpaka tunafika mlangoni kwetu hakuna aliyefungua dirisha.